Begi la Kwenda Tunduru

Mume wangu alikuwa karani wa ghala la ushirika, na tabia za kazi ile alirudi nazo nyumbani kila jioni. Kwake kitu hakikuwepo duniani mpaka kiandikwe, na kikishaandikwa lazima kiwe na nakala. Kwa hiyo mimba yangu ya pili ilipofika mwezi wa nane alikaa mezani, akapachika karatasi za kaboni, akaandika orodha ya vitu vya kupeleka hospitali katika nakala tatu. Moja yangu, moja yake, ya tatu ya jalada. Nilimwuliza ni jalada gani. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwalimu wa darasa la pili, kazi ambayo kwa kweli ndiyo niliyokuwa nayo.

Orodha ilikuwa ndefu. Glovu, wembe mpya, uzi, pamba, mpira wa kulalia, beseni, sabuni, chupa ya chai, khanga doti mbili, unga wa uji, kadi ya kliniki. Miaka michache nyuma yake, sabuni ilikuwa kitu cha kupangia foleni tangu alfajiri, lakini glovu ulizikuta hospitali. Sasa mambo yalikuwa ruksa. Maduka ya mjini Songea yalijaa sabuni za kila rangi, na poda zenye picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka bila meno, ila hospitali ndiyo ikawa haina kitu. Ukienda kujifungua unabeba vifaa vyako mwenyewe, unabakiza kitanda na mkunga tu. Mume wangu alizunguka maduka matatu kutafuta uzi, akarudi na rangi mbili ili nichague.

Chini ya orodha aliacha mstari mmoja mtupu. Nilijua ni mstari wa nini. Ni wa nguo za mtoto. Hakuziandika, na mimi sikumwambia aandike, kwa sababu mama yake alikuwa amekaa jikoni akichambua maharage, na mlango ulikuwa wazi.

Mama mkwe wangu alikuwa ametoka kijijini, upande wa Namtumbo, wiki mbili kabla. Alishuka kwenye lori la tumbaku na kuku mmoja, debe la unga, na rozari shingoni. Alikuwa mama mfupi, mkimya, ambaye neno lake moja lilitosha kupanga upya nyumba nzima. Na neno lake juu ya uzazi lilikuwa hili: nguo za mtoto ambaye hajazaliwa hazikai ndani ya nyumba. Ni uchuro. Zinamwita mtu ambaye bado hajaamua kuja. Wala begi la hospitali haliitwi begi la hospitali.

"Linaitwaje, mama?" nilimwuliza.

"Begi la safari."

"Na mtu akiuliza ninasafiri kwenda wapi?"

"Tunduru," akasema hapo hapo, kama mtu aliyekwisha kukata tiketi.

Baadaye nilielewa kwa nini alichagua Tunduru. Barabara ya kule wakati ule ilikuwa mbaya mno, basi likiondoka hakuna aliyejua litafika lini, kwa hiyo hakuna ambaye angekuuliza utarudi lini. Kwa uongo wa mtu ambaye hakuwa mwongo, ulikuwa umepangwa vizuri sana.

Sasa mimi ni mbishi. Nasema mapema ili nisisingiziwe. Mimba ya kwanza, miaka miwili nyuma, nilikataa mambo hayo yote. Nilikuwa na cheti cha ualimu, nilikuwa nimefundisha somo la sayansi, na niliona ni aibu kujificha. Nilinunua nguo sokoni, kwenye marobota ya mitumba yaliyokuwa yameanza kumiminika mjini: fulana nne ndogo, soksi, na kofia ya njano. Nikazifua, nikazipiga pasi, nikazitandaza kitandani na kuwaita walimu wenzangu waje kuzitazama. Mama mkwe alifika siku ileile. Alizikuta zimetandazwa. Alivua khanga yake ya begani akazifunika.

Mtoto yule, wa kiume, aliishi siku mbili. Mkunga alisema ni mapafu. Nilimwamini mkunga wakati ule, na ninamwamini hadi leo. Lakini mama mkwe alikaa nami siku arobaini, akanipikia, akanikanda maji ya moto, akanilimia bustani, na katika siku zote hizo hakusema hata mara moja, "Nilikuambia." Ningependa angesema. Tungegombana, ningemtolea sayansi yangu yote, yakaisha. Badala yake alinyamaza, na mimi nikachukua ule ukimya wake nikauweka moyoni, na kila nilipouangalia niliona ananilaumu.

Kwa hiyo mimba ya pili nilifanya alivyotaka. Nilisema nasafiri kwenda Tunduru. Nilisema kwa jirani, nilisema kwa muuza maandazi, nilisema shuleni, nikiwa na tumbo linalotangulia mlangoni dakika nzima kabla yangu. Na hakuna hata mmoja aliyecheka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Lizaboni nzima, mtaa wetu, ilikuwa inaijua safari hiyo, na wengi walikuwa wameshaisafiri wenyewe. "Ukifika Tunduru ukaze moyo," muuza maandazi aliniambia. "Mimi nimekwenda mara sita, mara ya kwanza ndiyo ngumu." Mwalimu mkuu aliniandikia barua ya likizo ya uzazi, akaigonga muhuri, akaikunja, akanipa mkono na kunitakia safari njema.

Ila kila mtaa una mtu mmoja asiyeelewa. Wetu alikuwa fundi baiskeli wa nyumba ya tatu. Huyu alikuwa na mdogo wake aliyekwenda kweli Tunduru, kuchimba vito, na tangu aondoke hakuwa ameleta hata salamu. Fundi aliposikia kuna mtu anakwenda kule, alifika kwetu asubuhi na mapema na viatu vya kiume vilivyofungwa katika gazeti, na barua.

"Mwalimu, nasikia unakwenda Tunduru. Mfikishie mdogo wangu. Ukiuliza pale wanapouza vito, wote wanamjua."

Nilitazama tumbo langu. Yeye pia alilitazama, akaongeza, "Na ukae kiti cha mbele, nyuma kunarusha."

Nilifungua kinywa ili nimweleze. Mama mkwe akanitangulia. Akapokea viatu kwa mikono miwili, akapokea na barua, akamwambia vitafika. Fundi alipoondoka nikamwambia, "Mama, tutavifikishaje? Si unajua sisi hatuendi?"

"Nimevipokea," akasema. "Mzigo wa mtu ni amana. Tuvitie kwenye begi."

"Kwenye begi la hospitali?"

"Begi gani?"

"La safari," nikasema, nimeshindwa.

Habari zikaenea. Mke wa fundi, ambaye alielewa vizuri sana, aliona aibu mpaka akaanza kupita njia nyingine, lakini mumewe alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake. Akaja mtu na kilo mbili za maharage ya kumpelekea shangazi yake kule. Akaja mwingine na saa ya ukutani, mbovu, ambayo fundi wake alikuwa Tunduru. Mama mkwe alipokea vyote. Begi letu lilikuwa lile la nailoni la mirabaraba ambalo watu huliita shangazi kaja, pana kiasi cha kumeza mtoto wa shule, nalo likajaa. Mume wangu aliongeza mizigo ile kwenye orodha, nakala zote tatu, chini ya kichwa "Vitu vya Watu". Mstari mtupu ukazidi kusogea chini.

Ndipo nikafanya jambo langu la siri. Zile fulana nne, soksi na kofia ya njano nilikuwa sijazitoa nyumbani. Nilizihifadhi kwenye sanduku la bati, chini ya maazimio ya kazi ya shule, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angefungua. Siku moja mama mkwe alipokwenda kanisani nilizitoa, nikaziingiza ndani ya foronya, foronya nikaishindilia chini kabisa ya begi, chini ya viatu vya mchimba vito. Nilijiambia kwamba ninafanya hivyo kwa sababu nguo haziui mtu. Huo ulikuwa uongo wangu mwingine. Ukweli ni kwamba niliogopa, niliogopa kuliko mama mkwe na rozari yake, na nilitaka kuwe na kitu kimoja mle begini kinachosema kwamba safari hii narudi na mtoto.

Uchungu ulinishika Jumamosi asubuhi, mwezi wa sita, wakati wa ile baridi ya Songea inayofanya watu wavae makoti na kulalamika kana kwamba mwaka jana haikuwepo. Mume wangu alifunga begi kwenye keria ya baiskeli, akaikokota upande mmoja, mimi nikatembea upande wa pili nimeshika tandiko, na mama mkwe nyuma na beseni kichwani. Hospitali na stendi ya mabasi ni njia mbili tofauti, na kila mtu aliona tumeshika ipi. "Safari njema, mwalimu!" walituambia mlango kwa mlango. "Tusalimie Tunduru!" Nikawa nasimama uchungu ukinibana, nainama, naachia pumzi, kisha nainuka na kupunga mkono kama mgeni rasmi. Fundi baiskeli alitoka mbio, mikono imejaa grisi. "Mwambie ajibu barua!" alipiga kelele. Mume wangu, mtu mwaminifu, akamjibu kwamba atamwambia.

Hospitali walimpokea mgonjwa, wakawaacha ndugu barazani. Mkunga alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alilifungua begi juu ya meza na kuanza kuita.

"Glovu?"

"Zipo."

"Wembe? Uzi?"

"Vipo. Uzi wa rangi mbili."

"Wa nini rangi mbili, unashona sare?" Akaingiza mkono zaidi, akatoa saa ya ukutani. Akaitazama, akaitikisa, akaiweka kando. Akatoa maharage. Kisha akatoa vile viatu, namba tisa, soli nene, akavinyanyua juu mbele ya wajawazito watano.

"Mama," akasema, "huyu mtoto anazaliwa na viatu?"

Wodi nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka, katikati ya uchungu, kicheko kile ambacho hujui kama ni kilio. Viatu vile, niseme kabisa, vilifika Tunduru miezi mitatu baadaye kwa mkono wa utingo wa basi, na barua ikajibiwa. Lakini wakati ule nilikuwa namwonyesha mkunga kwa kidole: chini, mama, chini kabisa, kuna foronya.

Akaitoa foronya. Ilikuwa tupu, imekunjwa vizuri mara nne.

Sikuhitaji kuuliza; katika nyumba yetu mama mkwe peke yake ndiye aliyekunja vitu mara nne. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nadhani hasira ile ndiyo iliyomzaa mtoto wangu, maana saa nane mchana mkunga alikuwa ananipongeza kwamba nimesukuma kama mwanajeshi. Alikuwa msichana. Alilia mara moja, kwa sauti nene, akanyamaza na kutazama pembeni kama mtu aliyefika ofisini akakuta foleni.

Hakukuwa na cha kumvika, na khanga zangu zote zilikuwa zimelowa. Mkunga alichungulia barazani akaomba kitambaa. Kupitia mlango niliona mama mkwe akifungua khanga yake ya kiunoni bila kusita, akabaki na gauni lake la ndani lililochakaa pindo, katika baridi ile, mbele ya watu. Mwanangu akaviringishwa ndani ya khanga ya bibi yake, ikiwa na joto la bibi yake bado.

Jioni walipowaruhusu ndugu kuingia, nilikuwa nimejiandaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akambeba mjukuu wake, akamtazama muda mrefu. Nikasema, "Mama, zile nguo ulizitoa wewe?"

"Nilizitoa."

"Umezipeleka wapi?"

"Nimezipeleka kwa masista, wampe anayehitaji." Hakuinua macho kutoka kwa mtoto. "Zile ni za kaka yake. Huyu ana zake."

"Zake zipi? Ana nini huyu, mama? Hana hata soksi."

Hakujibu. Alinirudishia mtoto, akaniambia ninywe uji, akaondoka. Nilibaki nimeukumbatia ule ukimya wake kama kawaida yangu, nikahesabu ndani yake lawama zote nilizozoea kuzihesabu.

Mkunga alinibakiza hapo hadi siku ya pili kwa sababu ya yaliyotokea mara ya kwanza. Alisema ni tahadhari tu. Sijui kama kuna mama aliyewahi kusikia neno tahadhari likamtuliza. Siku ya pili ndiyo siku aliyokufa kaka yake, kabla ya saa sita mchana. Tangu kulipopambazuka nilikuwa nimeweka kidole chini ya pua ya mtoto. Akikohoa nilimwita nesi. Asipokohoa nilimwita nesi. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa saba, aliniambia, "Mwache mtoto alale, dada, utamchosha kwa kumlinda." Aliniazima fulana moja na nepi mbili, na mimi nilimvika mwanangu nguo za kuazima huku nikifikiria kwamba bibi yake hajataka hata kumnunulia soksi kwa sababu naye anasubiri, anasubiri saa sita ipite, ndipo aone kama kuna haja. Nilimchukia kidogo kwa hilo. Na nilimwelewa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Alikuja saa ya kuona wagonjwa, peke yake, miguu ina vumbi hadi magotini. Mume wangu, alipoleta uji asubuhi, alikuwa ameniambia kwamba mama yake ameondoka nyumbani mapema, hakusema anakwenda wapi, na kwamba amekataa kusindikizwa. Alikuwa amekwenda sokoni, kwenye mitumba. Huyu ni mama ambaye maisha yake yote alinunua kitambaa kwa mita na kumpelekea fundi, na mitumba aliiita nguo za marehemu wa Ulaya. Kumbe alifika wakati robota linafunguliwa, akasukumana na wanawake wa mjini, akachagua. Alinisimulia hayo baadaye sana, kwa majivuno makubwa.

Pale wodini aliketi ukingoni mwa kitanda. Alifungua kifurushi, akanyoosha vitu vyake juu ya miguu yangu: gauni jekundu lenye mifuko miwili mbele, na sweta nene ya kijani ya kufunga vifungo. Nililishika gauni. Nililinyanyua. Nikalipima kwa mtoto, ambaye angeweza kulala ndani ya mfuko mmoja na nafasi ikabaki. Saa ya ukutani, ile nzima ya hospitali, ilikuwa imekwisha kupita saa sita, na mimi sikuwa nimeiona ikipita.

"Mama," nikamwambia, "hizi ni nguo za mtoto wa miaka miwili."

"Naona."

"Huyu ana siku mbili."

"Kwani anakwenda wapi?" akasema.

Nililia mbele ya wodi nzima, kwa sauti, bila aibu yoyote, na mama mkwe akanikemea kwamba namlowanisha mtoto.